Sifuri ya Mbele

Alhamisi, 2 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti halikusumbui sana kwa baridi hii ya mvua. Mimi sijambo, ila usingizi ni haba. Kazi imetumaliza.

Lakini imezaa matunda. Ndani ya bahasha hii kuna flashi yenye ganda jipya, ile programu inayopokea amri unazoandika na kuzipeleka kwa mashine. Sasa linakumbuka amri zako za jana, linakumalizia jina la faili kabla hujachoka kuliandika, na lile tundu ambalo wezi wangeweza kupitia limezibwa. La kujivunia zaidi ni kwamba zamani kila aina ya mashine ilihesabu kivyake, yenu kivyake, za kwetu kivyake. Aliyezisawazisha ni mimi mwanao, na jina langu limo kati ya watengenezaji.

Liweke, Mama. Ile programu yako ya milango ya bwawa uliiandika mimi nikiwa chekechea, lakini haitahitaji kuguswa hata herufi moja.

Nisalimie mdogo wangu na kichanga chake. Nasikia wamehamia bondeni, kando ya mto.

Mwanao


Alhamisi, 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma lakini linatembea, sina cha kulalamika. Wewe lala, mashine hazina shukrani.

Nimeliweka ganda lako. Kusema kweli nilisita, maana mchezea zuri, baya humfika. Lakini kazi ya mwanangu nitaikataaje? Kila anayeingia chumba cha mashine namwonyesha jina lako, hata mfagiaji, na yeye hana miwani.

Tangu hapo mashine imetulia. Mvua haikati, lakini kipimo cha bwawa kinasoma hamsini na nane. Unajua milango hufunguka yenyewe maji yakifika sabini na tano. Haijafunguka hata mara moja. Bwawa lenyewe sijaliona. Liko mbali, barabara ni tope tupu, na chumba chetu hakina hata dirisha, kwa hiyo naamini ninachosomewa.

Mdogo wako ana raha zake. Anasema mto umepungua hadi wanauvuka kwa miguu, na nguo anazianika juu ya mawe ya katikati. Nimecheka, kwa mvua yote hii.

Upepo umeangusha mlingoti wa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama yako


Jumatatu, 13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine utanisamehe. Ukimaliza sentensi hii nenda kaamuru milango ifunguliwe kwa mkono, kisha rudi usome.

Kipimo cha kwenye ukuta wa bwawa hutuma tarakimu tatu siku zote, kwa sababu mkuu wenu wa zamani alitaka safu zikae sawa. Sabini na mbili inakuja 072. Ganda la zamani kwenye mashine yako liliipuuza ile sifuri ya mbele. Jipya haliipuuzi. Likiiona, linahesabu kwa nane nane badala ya kumi kumi: 072 kwake ni nane saba na mbili juu, yaani hamsini na nane. Ndivyo kanuni inavyotaka na ndivyo nilivyolitengeneza, na sikukumbuka tarakimu zenu. Hamsini na nane yako, Mama, ni sabini na mbili. Na hiyo ni siku ulipoandika.

Mashine haitaonyesha sabini na tano kamwe. Itaishia sitini na tatu, ambayo ni sabini na saba ya kweli. Kisha itakuja 078, na katika kuhesabu kwa nane hakuna tarakimu nane. Programu itakataa namba hiyo na kusimama, milango ikiwa imefungwa. Wewe mwenyewe uliniambia ukuta ule haukujengwa kubeba themanini na tano.

Mto umepungua kwa sababu maji yote yako nyuma ya ukuta.

Nimepiga simu makao makuu. Wamesema taarifa za bwawa zipelekwe kwa msimamizi wa chumba cha mashine, ambaye ni wewe. Barua hii nampa dereva wa basi. Anasema njia ikiruhusu, Ijumaa itafika ofisini kwako.

Mtoe mdogo wangu bondeni. Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Mwanao


Jumatano, 15 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila viatu vimeota ukungu. Barua yako sijaiona, najua umebanwa.

Leo asubuhi mashine imegoma. Jana ilisoma sitini na tatu, sasa inasema namba si sahihi na imenyamaza. Nadhani waya wa kule ukutani umelowa, si mara ya kwanza. Fundi atakwenda Jumatatu, barabara ikikauka. Hakuna haraka, kutoka sitini na tatu hadi sabini na tano bado ni mbali. Wenzangu walitaka turudishe ganda la zamani, nikawakatalia kabisa. Nimewaambia mwanangu hakosei hesabu.

Kwa kuwa hakuna cha kuangalia, nimeomba ruhusa niende nikamwogeshe mume wangu yule asiye na meno. Mdogo wako ameniandalia chumba cha upande wa mto. Anajua napenda kulala nikisikia maji, ingawa anasema siku hizi hayasikiki.

Ukijibu, usiandike ofisini. Nitakuwa bondeni kwake mpaka Jumapili.

Mama yako