Aliyeua Betri za Mama

Mayoni,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwako Dada yangu mpendwa Fauzia,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Mubarak na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru haijawazidi. Sisi huku tupo, alhamdulillah, ingawa nikisema hatujambo kabisa nitakuwa nimetia chumvi. Mama anakusalimu. Leo asubuhi amemaliza kikombe kizima cha uji kisha akalalamika kwamba hauna sukari, na Mama akianza kulalamika ujue kifua kina nafuu. Baba naye hajambo kwa upande wa mwili. Hayo mengine nitayafikia.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Tangu jana nimeshika simu mara tatu na mara zote nimeirudisha mfukoni. Kwa simu wewe huuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza, nami nikichoka hukubali lolote ili mazungumzo yaishe. Basi nimeandika, na jioni hii nitaipeleka ofisi ya mabasi Mumias ili uipate kesho, kabla hujaanza safari ya kuja kumchukua Mama Jumamosi. Isome yote ndipo upige.

Dada, nimechoka. Sisemi hivyo ili unionee huruma, nasema kwa sababu yote yaliyotokea yalitokea ndani ya uchovu huo. Mashine ya oksijeni inanguruma mchana na usiku. Stima ikipotea nakimbilia mtungi, nao hauna maisha marefu. Nikitoka hapo kuna kumgeuza Mama, kumwogesha, kupika, kufua mashuka, na miwa yetu imemezwa na magugu hadi majirani wananitania kwamba nimeanza kupanda nyasi. Baba alikuwa akinisaidia kwa kukaa na Mama. Alikuwa anamchokoza kwa habari za ujana wao mpaka acheke, kisha akohoe, kisha amtukane. Hapo ndipo mimi nilikuwa napata nafasi ya kulala saa moja.

Ulipotuletea wakati wa Idd zile betri mbili na inveta ya kuendeshea mashine stima ikipotea, nilikaribia kulia. Ulinieleza vizuri kwamba inveta haina chaja ndani yake, kwamba betri zimefungwa na si za gari, na kwamba nisinunue chaja yoyote ile bali inayozifaa. Jumatatu iliyofuata nilikwenda Kakamega mjini kwa Shikanga, fundi wa sola. Yule bwana akianza kueleza jambo, chai yako inapoa. Alinieleza kwamba betri hizi hazina pa kuongezea maji, kwa hiyo chaja ikizichemsha, unyevu mdogo uliomo ndani hutoka na haurudi tena. Alisema kwa betri zetu hizo chaja ya ampia ishirini inatosha, wala nisitafute kubwa kwa tamaa ya haraka. Chaja iwe na mahali pa kuchagua betri iliyofungwa, na hata ikiwa na sifa nyingine zote, kama haijui kujipunguza yenyewe betri inaposhiba, niiache dukani. Chaja kama hizo kwake zilikuwa zimeisha, angepata nyingine Ijumaa.

Yaliyofuata uliyasikia kwangu. Jumatano ya wiki hiyo nilirudi kutoka kuchukua dawa za Mama nikamkuta Baba amepiga magoti katika chumba cha pembeni, bisibisi mkononi, amebandua vifuniko vya betri zote mbili na anamiminia maji ya betri kutoka kwenye jerikeni lake. Betri zilikuwa zimefura. Unamjua Baba. Ameendesha trekta za miwa miaka thelathini, na kwake betri ni kitu cha kunyweshwa. Nilimpigia kelele, Dada. Nilimpigia kelele majirani wakisikia, kisha nikakupigia simu nikiwa nimesimama mbele yake nikakwambia Baba ameua betri. Ulitaka kusema naye, nikaweka sauti ya juu. Maneno uliyomwambia unayakumbuka. Yeye alikujibu tu, “Nimesikia, mwanangu.”

Kesho yake stima ilipotea adhuhuri, haikurudi hadi alasiri ikapita. Mtungi uliisha. Tulimfikisha Mama hospitali midomo imebadilika rangi, akalazwa siku mbili. Ami Swaibu alikuja, akalifunga sanduku la vifaa vya Baba kwa kufuli na kuondoka nalo kwake. Nawe ukaamua kwamba Mama atahamia kwako Nakuru, kwa sababu mgonjwa wa mashine hawezi kuishi na mtu anayefungua kila kilichofungwa. Uliniuliza naonaje. Nikasema ni sawa.

Tangu siku hiyo Baba hagusi kitu. Redio haiwashi. Akitaka taa, ananiuliza kwanza, mimi mtoto wake, kama anaruhusiwa kubonyeza swichi. Kiti chake amekihamisha kutoka kando ya kitanda akakiweka mlangoni, anakaa pale mikono magotini. Mama akimuuliza mbona hasogei, anasema ametoka shambani ana vumbi. Hajatoka shambani. Juzi nikimwogesha, Mama alilia. Aliniambia kwamba hakatai matibabu ya Nakuru, ila miaka arubaini na minne ni mingi, na hakutegemea wataachanishwa na watoto wao wenyewe.

Jumamosi iliyopita nilizipeleka zile betri kwa Shikanga, labda zingeokoka. Alizikagua muda mrefu kuliko kawaida yake. Baadaye akasema aliyetia maji asilaumiwe, maana alifika kwenye maiti. Maji hayafurishi gamba la betri. Zilikuwa zimechemshwa na chaja kubwa kwa saa nyingi, na kama asingetokea mtu wa kuikata, nyumba ingeweza kushika moto. Kisha akaniuliza tulitumia chaja gani. Nikamwambia sijui.

Dada Fauzia, najua. Ile Jumatatu nilipotoka mjini sikuweza kufikiria kupanda gari tena Ijumaa, na kumwacha Mama tena, na kungoja siku nne nyingine nikisikiliza kama stima imepotea. Nilishukia sokoni nikaingia gereji ya Weldon nikaazima chaja yake, ile anayoamshia betri za malori. Weldon alinionya kwamba haijui kusimama yenyewe, nikae nayo, niikate mapema. Niliichomeka Jumanne asubuhi. Nilikuwa nataka zijae haraka ili nilale siku moja tu bila wasiwasi. Usingizi ukanichukua, nikaamka na kazi nyingine, na Jumatano nikaenda kuchukua dawa huku chaja bado inavuma. Hela za chaja ulizotuma zilikuwa zimelala mfukoni.

Nilipomkuta Baba na lile jerikeni, nilijua papo hapo ni nani aliyeziua. Nilipiga kelele ili asije mtu akauliza. Niliona chaja haipo nikadhani Weldon amekuja kuichukua, na moyoni nikashukuru kwamba hakuna aliyeiona. Huyo ndiye ndugu yako.

Jana nilimpitia Weldon kumwomba radhi kwa kukaa na chaja yake bila kuirudisha mwenyewe. Akashangaa. Akaniambia ilirudishwa siku ile ile ya Jumatano, kabla ya saa sita. Mzee aliileta mwenyewe kwa wilibaro, imefunikwa gunia, akamsihi asimwambie mtu kwamba ilikuwa kwetu. Dada, kutoka kwetu hadi sokoni unajua ni mwendo gani, na goti la Baba unalijua.

Nilirudi nikamkuta pale mlangoni. Nikamwambia najua. Hakugeuka. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba alisikia harufu akaenda akaikata, na alitia maji kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akasema alidhani mzee akikosea watu husema ni uzee na mambo huisha, lakini mimi nikikosea wewe ungeona siwezi kumtunza Mama na ungemhamisha. Hakujua kwamba ungemhamisha kwa sababu yake. Nikamuuliza mbona hakusema uliposema Mama aende. Akanijibu kwamba angesema, mimi nawe tungekosana, na Mama kifua chake hakiwezi kubeba watoto wasioongea. Kisha akaniomba nisikwambie. Kwa hilo nimemkosea tena.

Nimeshanunua chaja, ile ile aliyoieleza Shikanga. Betri sina uso wa kukuomba, nitatafuta namna. Kama bado utaona Mama aende Nakuru, nitamfungia nguo mwenyewe na sitakupinga, maana huenda mimi ndiye nisiyefaa kuachiwa mgonjwa. Lakini asiende kwa sababu ya Baba. Na ukinitukana, nitukane kwa sauti ya juu, kama alivyotukanwa yeye.

Ombi langu ni moja. Jumamosi ukifika usiende moja kwa moja kitandani kwa Mama. Utampita mtu mlangoni, atainuka akupishe njia kwa sababu anadhani yuko katika njia yako. Usipite. Mshike mkono umrudishe kwenye nafasi yake kando ya kitanda, kwa sababu mimi nimejaribu tangu jana na kwangu amekataa.

Wasalimie Shemeji na wapwa wangu wote. Mama anasema usisahau kumletea majani ya chai ya huko. Mungu akufikishe salama, na akupe moyo wa kunisamehe siku utakayoweza.

Ndimi mdogo wako,
Athman