Kamba Niliyoifunga kwenye Mgunga

Jumamosi, Agosti 1986

Leo jua halikuchomoza hadi saa tano. Mawingu ya Agosti yametanda, kibaridi kinauma, na mimi nimeamka na moyo mzito bila sababu ya maana. Au sababu ninayo, ila sitaki kuitaja kabla ya chai.

Nimeenda mto Athi peke yangu.

Tangu Mwalimu Ochieng apewe uhamisho muhula uliopita, sina mtu wa kwenda naye mtoni. Mwalimu ni mtu wa ziwani, na katika kijiji kizima ni sisi wawili tu tulioona samaki ni chakula. Wengine huku wanamwita samaki nzoka, yaani nyoka, na mazungumzo yanaishia hapo. Mke wangu naye ni hivyo hivyo. Nina sufuria yangu iliyotengwa nyuma ya nyumba, na hata sabuni ya kuiosha ni yangu.

Bunduki ya samaki nilitoka nayo Pwani, nilikofanya kazi miaka mingi kwenye boti ya wazamiaji. Watu huku wanaicheka. Ni bomba, mpira na mshale wa chuma wenye kamba, basi. Ila hiyo kamba ndiyo yenye kazi, na wiki nzima nimekuwa nikibishana nayo.

Maji yakiwa maangavu, kamba naizungusha mara mbili kwenye bunduki, kwa sababu samaki unamwona kwa mbali na mshale unahitaji nafasi. Maji yakichafuka, mzunguko mmoja unatosha. Samaki utamwona akiwa karibu na pua yako, na kamba ya ziada itakufunga wewe. Penye mizizi mingi siifungi kwenye bunduki kabisa. Naipeleka kwenye jerikeni tupu inayoelea, mambo yakiharibika naachilia kila kitu na kufuata jerikeni baadaye.

Halafu kulikuwa na njia yetu na Mwalimu. Mwisho wa kamba ulikuwa mkononi mwake, ukingoni. Mimi nikivuta mara moja, anajua nimepata. Yeye akivuta mara mbili, najua ameona mamba, natoka mbio. Hakujua kuogelea, na alipiga kelele kuliko mtu yeyote niliyewahi kuvua naye.

Nimemkosa mtu huyo kuliko nilivyotarajia.

Leo ng'ombe walikuwa wameshakunywa upande wa juu, kwa hiyo maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikaweka mzunguko mmoja. Mpaka hapo sikukosea. Jerikeni nilikuwa nayo, imekaa pale kwenye mchanga. Lakini nikachukua kamba ndefu, nikaiunganisha na ile ya mshale, nikafunga mwisho wake kwenye shina la mgunga ulio ukingoni. Kwa nini? Nitasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Nilitaka kuwe na kitu upande wa pili. Nilitaka nikigusa kamba nihisi kwamba inafika mahali.

Nikapiga mbizi. Kambare alikuwa chini ya jiwe. Nikampiga vizuri. Akazunguka jiwe, akarudi, akapita kati ya miguu yangu, na kamba ikanikaza kifundo cha mguu. Nikavuta ili ilegee. Haikulegea. Mwalimu angeachia papo hapo, angeachia huku akinitukana Kijaluo. Mti hauachii.

Nimeogopa leo. Sijaogopa hivyo hata baharini.

Nilichomoa mguu kwa nguvu, ngozi ikabaki kwenye jiwe, nikatoka nikikohoa maji. Nilikaa kwenye mchanga muda mrefu. Hakuna aliyekuja, na nani angekuja? Baadaye nikamvuta kambare kwa kamba ile ile, nikarudi nyumbani nikichechemea kama mbuzi mgonjwa.

Nimempika nyuma ya nyumba, nimekula nimesimama.

Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa mlangoni akisuka kiondo. Tunaheshimiana sana, mimi na yeye. Tatizo ni kwamba tunaheshimiana kama mwenyeji na mgeni. Nilikuwa nikija Krismasi na kuondoka, watoto wakakua, wakaolewa, na sasa nimerudi kwenye boma linaloendeshwa vizuri bila mimi. Akauangalia mguu wangu, akarudisha macho kwenye kiondo. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Baba Mwende, hiyo kamba siku hizi nani anashika?"

Nikamwambia nimeifunga kwenye mti.

Akasuka kidogo. "Na ukienda na maji huko kwa nzoka zako, mti utakuja kuniambia?"

Akaingia ndani akaniletea maji ya moto na chumvi, akaweka karibu na mguu, akaendelea na kiondo chake. Nilikaa hapo nikitafuta neno. Lilikuwa jepesi kabisa, na sikulisema. Nilimwambia maji yamepoa vizuri, asante.

Wiki nzima nimechagua mafundo. Mzunguko mmoja, miwili, jerikeni, mti. Nimejaribu kila kitu kinachofungika ili nisimwombe mtu.

Nimeketi chumbani, naandika hapa. Yeye yuko upande wa pili wa ukuta, namsikia akikohoa. Sijui kama atakubali. Hata kumtazama kambare hawezi, humgeuzia kisogo. Lakini kesho tukitoka kanisani nitamwambia. Nitamwambia, Mama Mwende, si lazima umwangalie. Geuza uso kabisa, tazama mlimani. Shika tu kamba.