Memori Haitoshi

Kakuma, Jumatatu, 3 Juni 2013

Nimepangusa vumbi tena. Kompyuta ya tatu nayo imekataa mfumo wa kuiendesha: memori haitoshi. Mashine hizi zote zimetoka ofisi moja ya Lodwar, zilikochokwa. Kwa darasa la wakimbizi eti zinafaa. Hasira.

Mtihani wa kumpata msaidizi wangu ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 5 Juni

Nimechomoa memori ya mashine moja nikaitia kwa jirani yake. Moja inakufa, moja inaishi. Bado haitoshi. Nimeacha njia ya kusakinisha yenye picha, nikatumia ile ya maandishi matupu. Imekubali. Kisha nikaondoa mapambo, sauti, kila kisicho na kazi. Nimetenga sehemu ya diski ibebe mzigo unaoishinda memori. Inatambaa, lakini inakwenda.

Wa kwanza kuketi, Espérance. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu. Hapa anashonea watu nguo. Anaitaka kazi hii kuliko wote. Nikamwomba radhi, mashine ni nzito.

"Nilishazoea kungoja, Mwalimu."

Jumapili, 9 Juni

Mahubiri sikuyasikia. Nawaza diski. Zimezeeka, nami nimezitwisha kazi isiyo yao. Ya Espérance inakwaruza. Niliomba memori Lodwar. Wamesema wataona.

Jumanne, 11 Juni

Hakuna jibu. Upepo, mchanga hadi mdomoni.

Ijumaa, 14 Juni

Mtihani. Espérance aliwatangulia wote. Akiwa kwenye jedwali la mwisho, diski ikalia, ikanyamaza. Kioo cheusi. Kazi yote imepotea.

Nilimsihi msimamizi aliyetoka Lodwar ampe mashine nyingine na muda. Akasema muda ni mmoja kwa wote. Nikamwambia kosa ni la mashine. Akatazama saa yake.

Espérance alikunja mikono mapajani, akakaa hivyo hadi wenzake walipomaliza. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 18 Juni

Kazi kapewa mwingine. Kijana mpole, hana kosa. Namchukia hata hivyo.

Memori zimefika kutoka Lodwar. Haziingii. Ni za mashine mpya.

Alhamisi, 20 Juni

Espérance alikuja mchana, utepe wa kupimia shingoni. Nilidhani anakuja kuniaga. Akauliza kwa nini diski ilikufa. Nikamweleza bila kuficha. Akageukia mashine ya dirishani.

"Basi punguza tena. Toa hata picha."

Nilimwambia atabakiwa na herufi tu kwenye kioo cheusi. Akasema kina mama wa mtaa wake kambini hawajui kusoma, na herufi ndizo wanazozitafuta.

Nikaondoa picha kwenye mashine ya dirishani. Memori imetosha. Diski imetulia, haikwaruzi. Akaandika a, e, i, o, u, taratibu, kila moja mstari wake. Akasogeza kiti cha pili kando ya chake, akatoka kwenda kuwaita.