Kukandwa Kabla ya Kuzaa

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua duka kama kawaida. Vitenge vipya nimevitundika mwenyewe. Wiki jana nilikuwa kwenye meza ya upasuaji Arusha, leo niko dukani kwangu hapa Bagara. Uvimbe wa kizazi umetolewa kupitia vitundu vidogo tumboni, wateja hawaamini. Na kizazi kimebaki. Mume wangu, Rashidi, ameanza kutaja majina ya watoto. Mimi nilishayapanga zamani.

Jumatano, 10 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Bonga. Kwake aliyepasuliwa kizazi ni sawa na mzazi aliyetoka kujifungua. Amenikanda tumbo kwa maji ya moto, akanifunga kanga hadi pumzi ikabana. Hospitali walinikataza kubana tumbo. Nilikumbuka, nikainua mikono anifunge vizuri. Miaka yote naona wenzangu wakikandwa. Leo mimi. Nilitamani majirani waingie waone.

Alhamisi, 11 Septemba

Kanga tena. Mtori wa ndizi. Raha tupu. Bega linauma, nadhani ni ile hewa waliyonijaza tumboni siku ya upasuaji. Sijali.

Ijumaa, 12 Septemba

Homa. Kizunguzungu dukani. Rashidi kanirudisha nyumbani, kafungua kanga. Tumbo limejaa, gumu kama ngoma.

Sasa niko hospitali, hapa hapa mjini. Kipimo kimeonyesha damu imejikusanya ndani. Mshono wa kizazi unavuja. Daktari kasema, "Dada, hii ingeweza kutokea hata usingefungwa. Ila kanga imetufichia dalili." Wananirudisha kwenye upasuaji. Damu isipokata, kizazi kinatolewa. Nimetia sahihi. Naogopa sana. Nina hasira na mama mkwe, na zaidi na mimi.

Jumapili, 14 Septemba

Kipo. Kizazi kipo. Nesi kachoka kuulizwa. Safari hii wamenipasua tumbo kweli, kovu refu, na halinihusu hata kidogo. Nimecheka mpaka mshono ukauma. Rashidi kanunua soda wodi nzima. Kipo.

Jumamosi, 20 Septemba

Nyumbani. Daktari kasema nisibebe mimba mpaka mwaka upite, na kujifungua kwangu kutakuwa kwa kupasuliwa. Mwaka ni mrefu. Nitausubiri.

Mama mkwe amekaa karibu na mlango, mfuko wake umeshafungwa. Haniangalii. Ameuliza kama nataka aende. Nimemwambia, "Mama, kaa. Mjukuu wako akija, nani atanikanda?"

Amejifuta macho, akaenda kubandika chai.