Shilingi ya Simba Waliyoisugua

Baba,

Wacha nikuambie kabla Mama hajarudi kutoka kanisani, maana ananikataza kuongea na wewe. Nimempata aliyekuua. Ni Kariuki, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma hapa Riruta. Yule yule aliyebeba jeneza lako upande wa kichwa, akalia kutushinda sisi wenye msiba.

Usiku ule walivunja mlango, nondo ikakupata kisogoni kabla hujavaa hata viatu. Televisheni wakaiacha, wakachukua ile shilingi yako ya simba, ya enzi za ukoloni, peke yake. Mama alisugua damu kwenye simiti mpaka vidole vikachubuka. Mimi nikarudi kibandani kwako mjini, nikawa nauza sarafu huku nikiangalia mikono ya kila anayeingia.

Wiki jana yule mteja wako wa Kitisuru, mama mwenye kabati la sarafu, akanipigia simu. Kuna mtu amemletea shilingi ya zamani, inang'aa ajabu, niende niipe gredi, niseme ubora wake. Nikaenda. Nikaishika ukingoni kwa vidole viwili, nikaiinamisha dirishani vile ulinifundisha. Mng'ao wenyewe hakuna, baba. Ni mikwaruzo tu. Mtu ameisugua na waya wa sufuria na jivu, sijui alitaka kuificha au aliona rangi ni uchafu. Ile buluu ya pembeni, ile zambarau, ile rangi ya asali katikati iliyoiva ndani ya karatasi aliyoifungia nyanya yangu tangu kabla sijazaliwa, yote imeenda na maji machafu.

"Rangi isikudanganye, mama," ulikuwa unaniambia, kwa sababu nina jina la mama yako. "Angalia pale palipojificha."

Nikaweka lenzi. Kati ya miguu ya simba waya haukufika, na zambarau bado ipo. Na pale ukingoni kuna lile kovu la siku nilipoiangusha kwenye jiwe la kunolea kisu nikiwa mdogo, ukanizaba kofi la kwanza na la mwisho.

Nikauliza muuzaji yuko wapi. Nikaambiwa yuko verandani anakunywa chai. Kumbe ni Kariuki! Akasimama kunisalimia, ati pole na msiba. Nilichukua stuli. Sikumbuki kuiinua, nakumbuka taya ikivunjika, na jino kwenye trei ya chai. Nilimpiga mpaka askari wawili wa geti wakanibeba. Nilitaka afe, baba. Bado nataka.

Sasa yuko ndani, na shilingi iko kwa polisi. Anaapa ni yake, aliachiwa na babu yake. Picha tuliyo nayo ina rangi, hii haina, na mpelelezi ananiuliza kama kweli ni moja. Hapo ndipo nilipolia, mbele yake, bila aibu.

Kesi inaanza Jumatatu. Nitakwenda na lenzi yako. Watakapouliza gredi yake nitawaambia hakuna tuliyowahi kushika iliyokuwa nzuri hivyo, na kwamba sasa, kwa vile imesuguliwa, haina gredi yoyote.

Lala, baba. Nakuahidi sitapaza sauti wala sitagusa kiti. Nitampa hakimu lenzi, nimwonyeshe kovu, halafu nimwambie aangalie pale kati ya miguu ya simba. Wewe umebaki hapo tu, kwenye ile zambarau.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama.