Shingo ya Mama

Juu ya duka la fundi viatu,
Chumba cha mwisho.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila moyo wangu bado unadunda, na sasa hivi utajua kwa nini.

Mwanetu Brashi amekuwa mtu mkubwa pale wanapotengeneza vitabu. Siku hizi picha zinachorwa na akili mnemba: unaiandikia maneno, inakutolea picha. Lakini kila programu ina mkono wake. Moja hutoa picha kama ya kamera, nyingine ya rangi za mafuta, nyingine ya penseli. Wenzake wanabahatisha, mwanangu akiitazama kazi tu anajua aipeleke wapi. Hata meneja humwuliza yeye. Sijisifu, nasema kweli.

Basi nikakumbuka ulivyonililia kwenye simu, kwamba sura ya mama imekutoka kabisa, na hakuna picha yake hata moja. Nikamwambia Brashi amchore bibi yake. Nikakaa pembeni nikimwelezea: macho makubwa, pua imesimama, mwanya, kidoti shavuni. Akachagua ile ya kamera.

Kitinda, nilipiga yowe! Mtu mzima ananitazama, mpaka vinyweleo vinaonekana! Nikalia, nikaita majirani. Kaka akaingia, akakodoa macho, akacheka mpaka akashika ukuta.

"We Mama Brashi, huyu ni mama, au ni wewe siku ya harusi yako?"

Nikamtukana. Kisha nikaenda kwenye kioo. Ni mimi mtupu, mpaka kidoti! Miaka yote najivuna kwamba nimefanana na mama, kumbe nimemfuta nikajiweka mimi.

Brashi hakucheka. Alisema ile ya kamera haijui kunyamaza, usichoiambia inakibuni. Akajaribu ya mafuta, ikatutolea malkia wa watu. Ikabaki ya penseli.

"Mjomba, mama mdogo alikuwa akimwona bibi kutokea wapi?"

"Mgongoni," Kaka akajibu. "Huyo alibebwa mpaka miguu inaburuta. Mama anashona, yeye kajilalia."

Ikatoka picha ya mwanamke aliyeinamia cherehani, kitambaa cha kichwa kimefungwa juu, shingo wazi, na chini ya sikio ile alama ya kuungua na pasi. Kaka ndiye aliyeikumbuka. Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa! Uso hauonekani. Kaka, mtu wa utani hata msibani, akatoka nje.

Ile yangu nimeitundika sebuleni. Nimependeza mno kutupwa.

Msalimie shemeji na mapacha. Kaka na Brashi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu.

Picha ya penseli imo humu kwenye bahasha. Usiitazame kwa mbali, Kitinda. Ilalie kwa shavu, kama ulivyokuwa ukimlalia, halafu uniambie kama ndiye.

Dada yako akupendaye,
Mama Brashi