Mama wa Kwenye Tamthilia

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha na siyo umepiga magoti sakafuni unatafuta sindano. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua kidogo, ambayo kwa mtu wa kazi yangu ni msiba kabisa. Goti lako linaendeleaje? Muuza vifungo wako, anayekuja huku mjini kuchukua mzigo, ameniambia kwamba siku hizi ukipanda ngazi za karakana unasimama katikati kusalimia kila anayepita, kumbe unapumzika. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe. Nikikuuliza wewe kwa simu utasema hujambo kabisa, hata kama umebebwa kwenye machela. Wasalimie wasichana wote wa cherehani, hasa yule mdogo anayeshona mikono ya blauzi ndani nje halafu analaumu kitambaa.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu zipo. Mama, kwenye simu wewe ndiye unayeshika usukani. Unanieleza ya wateja, ya majirani, ya bei ya uzi, na mimi nafurahi kusikiliza, na ikifika zamu yangu ulimi unakuwa mzito. Nikisita kidogo tu unadhani mtandao umekata, unaanza kuita halo, halo, mpaka ninachotaka kusema kinanitoka. Kwa hiyo nimeona nikae chini niandike, na nitampa muuza vifungo akuletee mkononi. Hajui kilichomo. Nitamwambia ni cheti changu cha hospitali, ili asithubutu kuifungua.

Kwanza nikuombe radhi kwa kutokukujibu kuhusu vipimo. Uliniomba kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani hadi sakafuni, ukasema unataka kunishonea nguo ya kazini. Mama, mimi nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Nguo ya kazini haipimwi hadi sakafuni. Na mama mdogo, ambaye hajawahi kukaa na neno tumboni tangu azaliwe, ameshaniambia kwamba kile kitambaa cheupe kimetoka sandukuni na sasa kiko juu ya kabati, kimefunikwa shuka kisipate vumbi. Bwana harusi mwenyewe hajulikani hata rangi ya viatu vyake, lakini nguo iwe tayari! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikajikuta silii wala sicheki, nimeshika futi mkononi na siwezi kujipima.

Sasa nikueleze ya kazini, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Nilikwambia ninasoma matangazo, na ni kweli, nasoma: sabuni, mabati, dawa ya mbu. Lakini hiyo ni robo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni kuingiza sauti kwenye tamthilia za nje. Wale watu unaowaona kwenye televisheni wakiongea Kiswahili safi hawakijui hata neno moja. Sisi ndio tunaowapa. Tunaangalia midomo yao, tunaanza pale inapofunguka na kuishia pale inapofungwa, na katikati tunaweka maneno yetu. Ikizidi hata silabi moja, mwongozaji anagonga kioo cha chumba cha kurekodia kana kwamba umevunja sahani ya mkwe wake.

Na sasa vuta pumzi, mama. Ile tamthilia ya wanafunzi wa shule ya bweni, inayoonyeshwa kila Alhamisi jioni, yule msichana wanayemwita Miwani, sauti yake ni mimi.

Nakuona ulivyoinua kichwa. Ndiyo, mimi. Ninaibana kidogo, naivuta juu, maana yeye ni wa sekondari na mimi nimeshavuka huko zamani. Ndiyo maana uliniambia siku moja kwamba huyo mtoto anaongea kama aliyemeza chai ya moto. Na mimi nikaimeza hiyo chai. Nisingeweza kukwambia, kwa sababu wiki ile ile ulikuwa umeniambia kwamba tamthilia hiyo inafundisha watoto uchafu, wasichana wanapendana wao kwa wao, wavulana wanavaa hereni na kulia hovyo, na kwamba serikali ingekuwa na akili ingeifungia. Uliitazama mpaka mwisho, ukasema, ili uwe na uhakika. Alhamisi iliyofuata ukaitazama tena, uhakika haujatosha. Sasa nasikia wateja wanaambiwa wasije kupima nguo Alhamisi jioni, na wasichana wa cherehani wananyamazishwa kwa mkasi unaogongwa mezani.

Nimekuwa nikikusikiliza mama, wiki baada ya wiki, ukinisimulia tamthilia ninayoijua kuliko wewe. Ulianza kwa kumwita Miwani yule mtundu. Baadaye ukawa unamwita yule mtoto. Alipoachwa nje ya bweni kwenye mvua, na Golikipa, yule rafiki yake mrefu wa timu ya mpira, akamvulia koti lake, ulinipigia simu kabla hata matangazo hayajaisha. Ulisema kwa hasira kwamba wale wasichana wawili wanajidanganya bure, kila mtu anaona, na kwamba mama yake Miwani, yule muuza tiketi wa kituo cha treni, yuko wapi muda wote huu asimwone mwanawe anavyokonda. Ulisema mama wa namna ile ni kiti tu, kipo lakini hakioni. Nilikaa na maneno hayo usiku na mchana. Sikujua kama ulimaanisha mama angemwona ili amchape, au amkumbatie. Nilitamani nikuulize, nikaogopa jibu.

Sasa sikiliza jinsi tunavyorekodi, ili uelewe kosa nililofanya. Hatukai pamoja. Kila mmoja anaingia kwenye chumba chake siku yake, chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, kina kiti kimoja, glasi ya maji na kipaza sauti. Unavaa hedifoni, unaiangalia picha, unaongea. Anayekujibu hayupo. Mama wa Miwani anasemewa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole anayekuja na kitambaa chake cha kufutia kiti, na mimi nimekutana naye mara chache tu kwenye korido. Nikimwambia shikamoo ananiita mwanangu, halafu kila mtu anashika njia yake. Kwa hiyo kila ninapomwambia mama yule jambo, naliambia godoro.

Alhamisi hii inayokuja, Miwani anamweleza mama yake. Wako jikoni, mama anamenya viazi, hajavua sare ya kazini. Msichana anasimama mlangoni anamwambia kwamba Golikipa siyo rafiki tu. Ni sentensi chache mno. Nilizifanyia mazoezi nyumbani mpaka nikaziona nyepesi, nikaingia chumbani nikijiamini. Nikaanza vizuri. Mdomo wa yule msichana ukafunguka nikasema, ukafungwa, nami nikaendelea kusema.

Mama, kwenye kazi yetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mdomo umefungwa, msichana wa watu amenyamaza anatazama viazi, na sauti yake bado inatoka. Mwongozaji hakugonga kioo. Nadhani alidhani amepitwa na ukurasa, maana nilimwona akipekua karatasi. Fundi mitambo, aliyekaa pembeni yake, alikuwa ameacha kutafuna karanga. Mimi sikuona lolote ila yule mama anayemenya. Nilimwambia kwamba nimechoka kumwita mtu wangu rafiki. Nilimwambia kwamba nikija nyumbani naacha nusu yangu stendi ya basi, na nikirudi naikuta inanisubiri, na siyo haki. Nikamwambia akasirike anavyotaka, apige kelele, lakini asiache kunipigia simu.

Kisha nikasikia ukimya kwenye hedifoni nikajua nimefanya nini. Mwongozaji aliniuliza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, maneno yale yametoka wapi, maana kwenye karatasi hayapo. Nikamwambia ni mafua. Fundi mitambo akasema bila kunitazama kwamba mafua ya namna hiyo hata yeye aliwahi kuugua, akafuta kipande kile, tukarekodi upya, na safari hii nilinyamaza pale msichana aliponyamaza. Ndivyo utakavyoisikia Alhamisi. Yale yangu hayamo.

Kwa sababu hayamo, nakuandikia wewe uliyestahili kuambiwa tangu mwanzo.

Yule msichana ninayeishi naye, fundi wa majokofu, ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina la Mrefu kwa sababu aliinama kuingia mlangoni kwako, siyo mwenzangu wa kugawana kodi ya nyumba. Nampenda, mama. Nampenda kama watu wanavyopendana wanapotaka kuzeeka pamoja. Tuna kitanda kimoja, sufuria moja, na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu dirisha, yeye anataka liwe wazi na mimi nataka lifungwe. Sikudanganywa na mtu, wala sikufundishwa na televisheni. Nilipokuwa na umri wa Miwani nilishajijua, ila sikuwa na neno la kusema wala mtu wa kunitafsiria.

Unakumbuka alipokuja mara ya mwisho, ule mkanda wa cherehani yako kubwa ulikuwa umelegea, na wewe umeshawalipa mafundi wawili bila kupona? Mrefu alivua saa, akakaa chini, akakata kipande cha ngozi ya mkoba wa zamani, na jioni cherehani ikawa inaimba. Ulimshika mikono yake yenye grisi ukaigeuzageuza, ukasema ungejaliwa mtoto wa kiume ungemwoza msichana huyu hata kesho, mahari ungekopa. Wote tulicheka. Mimi nikasema naenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi, mama. Niliviosha tena. Na Mrefu, tuliposhuka kwenye basi, akauliza kama nadhani ulikuwa unatania. Tangu siku hiyo kila nikiongea nawe kwa simu anajifanya anapanga spana zake, na nikikata ananiuliza kama umemsalimu. Ukiwa umesahau, namdanganya.

Nimekukumbuka. Sijui kama utanielewa nikisema kwamba hata nikiwa nimekaa mbele yako nakukumbuka, kwa sababu unayeongea naye ni binti mwingine niliyemshona mwenyewe kwa vipimo vyako, na mimi nimesimama nyuma yake nakutazama. Natamani siku moja tuje wawili, tulale chumba kimoja bila kutandika godoro la uongo sakafuni. Natamani umfokee kwa viatu vyake mlangoni kama unavyonifokea mimi. Natamani nikikusimulia siku yangu nisiruke sentensi. Sitaki kikubwa kuliko hicho, na najua kwamba kwako huenda hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Kile kitambaa cheupe kisipotee bure. Kikate blauzi, kikate mapazia, mshonee bibi harusi mwingine anayekihitaji. Sikukatalii ufundi wako. Nakukatalia kunisubiri mahali ambapo sitapita.

Bado jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike leo nisingoje kesho. Alhamisi, Miwani akishasema, kisu kitasimama kwenye kiazi, na mama yake atajibu. Mimi najua anachojibu. Yule mwalimu mstaafu ameshakirekodi, na fundi mitambo alinisikilizisha nikiwa peke yangu, akatoka nje akafunga mlango. Sitakwambia kama ni kizuri au kibaya. Kiliandikwa na watu wasiokujua, kikasemwa na mama wa watoto wengine, na kinatoshea mdomo wa mtu ambaye hajawahi kunizaa. Nakuomba, mama, Alhamisi usiwashe televisheni. Kikiwa kizuri utaona haya kusema chako kilicho kikali, na kikiwa kikali utakiona kinatosha, utakipokea na kukaa nacho kama ndicho chako. Nipigie kabla. Hata kama ni kunifokea, hata kama hujapanga la kusema. Nimezungumza na godoro muda mrefu, na sasa nataka anijibu mama yangu.

Nisalimie mama mdogo, na leo umruhusu akae na neno tumboni mpaka wewe utakapokuwa tayari. Mrefu anakuamkia. Yuko hapa pembeni, anapanga spana zake kwa mara ya tatu, na hajaniuliza kitu.

Ni mimi binti yako,
yule yule uliyemzaa